Mtoto Umemwachia Nani?

Mama mwenye mtoto mchanga akionekana soko la Githurai saa nne asubuhi bila kitu mgongoni, ataulizwa kabla salamu hazijaisha: mtoto umemwachia nani? Baba ya huyo mtoto akipita hapo hapo dakika tano baadaye, ataulizwa kuhusu Arsenal. Hiyo ni stori ya siku nyingine. Mimi nataka kulifuata hilo swali kurudi nyuma, kwa sababu ukilifuata polepole linakupitisha kwenye miaka sabini ya historia ya Kenya, tena kwa njia za uani, huko ambako vitabu vyetu vya shule vilipita mbio.

Wengi wetu tunadhani nasari ni mambo ya elimu. Ati kuna siku wizara iliamua watoto wajue a, e, i, o, u kabla ya darasa la kwanza, ikajenga vyumba, ikachora bata ukutani. Haikuwa hivyo. Kwa sehemu kubwa ya nchi hii, nasari ilianza kwa sababu mtu wa kubaki na mtoto aliondolewa nyumbani, na majirani wakalazimika kutafuta mwingine.

Mtu wa kwanza kubaki na mtoto alikuwa mtoto mwingine. Kwa Wakikuyu aliitwa mũreri, kutoka kwa kũrera, ambalo ni lile lile neno letu la kulea. Mara nyingi alikuwa msichana wa miaka sita hadi kumi, na akikosekana msichana, mvulana alifanya. Mama akienda shambani, mũreri anafungiwa mtoto mgongoni. Anambembeleza, anamlisha, anamfukuzia nzi, na njaa ya titi ikizidi anampeleka kwa mama huko huko shambani. Kama nyumba haikuwa na mkubwa, mama aliomba binti wa dada yake au wa jirani. Haikuwa kazi ya kudharauliwa. Mtu mzima angeweza kukuonyesha mtu mzima mwingine, akakwambia "huyu ndiye alinilea," kumbe wamepishana miaka saba tu. Na nyuma ya hao watoto kulikuwa na nyanya, shangazi na wake wenza, watu ambao macho yao yalikuwa kwenye ua mzima.

Nasari zenyewe, zile zenye jina hilo, zilionekana mijini miaka ya 1940, kwa ajili ya watoto wa Wazungu na wa Wahindi. Mtoto Mwafrika hakuwa kwenye hesabu.

Halafu ikaja 1952. Tarehe 20 Oktoba Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la hali ya hatari, na kuanzia katikati ya 1954 serikali ya kikoloni ikaanza kuwahamisha kwa nguvu watu wa Kati, Wakikuyu, Waembu na Wameru, kutoka kwenye miji yao iliyotawanyika ridge kwa ridge. Zaidi ya watu milioni moja waliswagwa ndani ya vijiji zaidi ya 800. Nyumba zao za zamani zilichomwa. Vijiji vipya vilizungushiwa ua na mitaro, vingine vikiwa na vijiti vilivyochongwa vimesimamishwa chini ya mtaro, na home guard wakiangalia kutoka juu. Lengo lilikuwa kuwakatia Mau Mau chakula. Wanaume wengi walikuwa vizuizini au msituni. Kwa hivyo kazi ya lazima, kuchimba mitaro, kutengeneza barabara, kufyeka kando ya msitu, iliwaangukia wanawake, siku nyingi kuanzia asubuhi hadi alasiri.

Sasa jiulize swali letu. Mama yuko kwenye mtaro. Nyanya yuko kijiji kingine kwa sababu familia ziligawanywa. Shamba liko nje ya ua na kuna kafyu. Mtoto ameachiwa nani?

Shosho yangu alikuwa na miaka kama minane wakati huo, upande wa Murang'a. Alikuwa mũreri wa mdogo wake. Nilipomuuliza kuhusu kijiji, nilitarajia stori za home guard, na zilikuja, lakini alianza na kikombe. Kikombe cha bati. Asubuhi, mama zao wakishaitwa, watoto walikusanywa mahali pamoja karibu na kituo cha polisi, wakapangwa mstari, wakapewa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwenye debe. "Ukimaliza unakifuta na nguo yako, unampa mwenzako," alisema. Maziwa yalikuwa ya serikali na ya Msalaba Mwekundu. Mama Mzungu alikuja mara moja moja kuangalia. Lakini waliobaki nao siku nzima, waliowafuta kamasi na kuwaamua wakipigana, walikuwa wanawake wawili wa kijiji: mmoja mzee asiyeweza kushika jembe, mwingine mguu wake ulikuwa na kidonda. Shosho anakumbuka huyo wa kidonda alikuwa na hadithi za fisi ambazo hazikuisha.

Hizo ndizo nasari za kwanza za Waafrika vijijini Kati. Wanahistoria wa elimu ya watoto wadogo wanalitaja hilo kwa sentensi moja, kisha wanaendelea na uhuru. Mimi naona inafaa tukae hapo kidogo. Serikali ilimtoa mama nyumbani kwa nguvu, kisha ikajitokeza na maziwa kwa mtoto wake, na ikaita hiyo maendeleo. Hata Maendeleo ya Wanawake, iliyoanzishwa 1952 chini ya idara ya maendeleo ya jamii, ilitumika miaka hiyo kama chambo. Vilabu vyake vilifundisha usafi, ushonaji na lishe ya watoto, na vilikusudiwa kuwavuta wanawake mbali na Mau Mau. Mama aliyejiunga alionekana ni mtiifu. Aliyekataa, kukataa kwake kulionekana pia. Kwa hivyo maziwa yalikuwa maziwa, na yaliokoa watoto, kwa sababu njaa ndani ya vile vijiji iliua wengi, hasa wadogo. Lakini pia yalikuwa na bei.

Kitu kinachonishangaza ni kilichofuata. Hali ya hatari iliisha rasmi Januari 1960. Watu wangeweza kuzichukia nasari kama walivyouchukia mtaro. Vijiji vingine vilivunjika, watu wakarudi mashambani, lakini vingi vilibaki kwa sababu waliokosa ardhi hawakuwa na pa kurudi. Na palipobaki kijiji, mara nyingi nasari ilibaki. Wanawake walikuwa wameona kwamba watoto thelathini wanaweza kukaa na watu wawili huku wengine wakifanya kazi. Walichukua kitu kilichozaliwa ndani ya ua wa miba, wakakifanya chao.

Uhuru ulipokuja 1963 na Kenyatta akatoa mwito wa Harambee, tunaambiwa nchi ilijenga shule za sekondari. Ni kweli. Ila nasari za harambee zilikuwa kila mahali pia, na hazikuhitaji mgeni rasmi. Chumba cha kanisa siku za wiki. Chini ya mwembe kule kusiko na kanisa. Miaka hiyo hiyo wanawake wa Kati walikuwa na vikundi vya mabati: kila mmoja anatoa kidogo, mwezi huu tunaezeka kwa wanjiku, mwezi ujao kwa wambui, nyasi zinatoka, bati linaingia. Ukishajua kuezeka nyumba ya jirani, nasari si ngumu. Ni mabati machache zaidi, sufuria moja, mchango wa unga wa uji.

Na mwalimu. Hapa ndipo stori inaanza kunikera. Mwalimu wa nasari ya harambee alikuwa kwa kawaida msichana wa hapo hapo aliyefika darasa la saba, hakupata nafasi sekondari, na wazee wakaona ana adabu na sauti nzuri ya kuimba. Alilipwa na wazazi. Maana yake, alilipwa wazazi wakipata. Mwezi wa mavuno alipata kitu, mwezi wa njaa alipata maharagwe, na mwezi mwingine alipata "mungu atakubariki." Serikali mpya ilikuwa na msingi na sekondari za kufikiria, na nasari ziliachiwa idara ya huduma za jamii na mabaraza ya wilaya. Zilipohamishiwa Wizara ya Elimu ilikuwa tayari 1980, miaka kumi na saba baada ya bendera kupanda.

Mkono mmoja haulei mwana, tunasema. Sawa. Lakini huo mkono wa pili ni wa nani, na unalipwa ngapi?

Mwaka wa 1968, John na Beatrice Whiting wa Chuo Kikuu cha Harvard walifika Ngecha, Kiambu, mwendo mfupi kutoka Nairobi, wakaanza utafiti na wanafunzi Wakenya uliochukua miaka mitano hivi. Kitabu chake kilitoka 2004, muda mrefu baadaye. Walihesabu vitu ambavyo hakuna aliyewahi kuvihesabu: mtoto anabebwa na nani, anaguswa na nani, anaambiwa nini, mama yuko wapi saa hiyo. Wakaona kitu ambacho kila mama wa Ngecha alikijua bila kalamu. Wazazi walitaka watoto wao wote wasome, wasichana pia, na msichana aliyeenda shule si mũreri tena. Mama alibaki na mtoto mgongoni na jembe mkononi, na baba mara nyingi yuko Nairobi akifanya kazi ya mshahara.

Hapo unaelewa kilichotokea nchi nzima miaka michache baadaye. Desemba 1973 Kenyatta alitangaza kwamba darasa la kwanza hadi la nne halitalipiwa karo. Januari 1974 idadi ya watoto darasa la kwanza iliongezeka zaidi ya maradufu. Tumeambiwa mara nyingi kuhusu madarasa yaliyofurika na walimu wasiofunzwa. Sijawahi kuona kitabu cha shule kikisema kwamba asubuhi ile ile, maelfu na maelfu ya watoto wachanga walipoteza walezi wao. Wale wasichana waliokaa kwenye madawati mapya ndio waliokuwa jana yake wamefunga mtoto mgongoni. Hakuna anayetaka warudi, wacha nieleweke. Nasema tu kwamba serikali ilimchukua mũreri, kwa sababu nzuri kabisa, na haikuweka mtu mahali pake. Nasari zikajaa.

Mambo mazuri yalitokea pia, na yanafaa kusemwa. Mwaka wa 1971, Taasisi ya Elimu ya Kenya, KIE, ilianza mradi wa elimu ya chekechea kwa msaada wa shirika la Uholanzi, Bernard van Leer Foundation. Badala ya kuagiza mtaala kutoka Ulaya, watu wa mradi walitafuta namna ya kuwafunza wale wale wasichana wa darasa la saba bila kuwatoa kazini. Kituo cha kitaifa, NACECE, kilianzishwa 1984, na mwaka uliofuata vikaja vile vya wilaya, DICECE. Mwalimu alisoma wakati wa likizo, akarudi kwa watoto wake muhula ukifunguliwa, kwa miaka miwili. Na kazi ambayo mimi naipenda zaidi katika zote: walienda kwa wazee kukusanya hadithi, vitendawili na nyimbo za kubembeleza kwa lugha za nyumbani, wakazifanya masomo. Yule mama wa kidonda na fisi wake, kwa mara ya kwanza, akahesabiwa kuwa mtaalamu. Amechelewa kupata cheti, lakini angalau.

Pwani swali lilikuja na uzito mwingine. Huko mtoto wa miaka minne au mitano hakukosa pa kwenda, alipelekwa chuoni kusoma Kurani. Nasari nyingi zilizokuwepo zilikuwa za makanisa au za kulipia ghali. Mzazi Mwislamu wa Mombasa alijikuta anachagua: mtoto ajue dini yake, au aweze kupita usaili wa darasa la kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu walipeleka jambo hilo kwa Aga Khan, na 1986 nasari ya kwanza ya mpango wa madrasa ikafunguliwa Liwatoni. Aliyeibeba kazi hiyo ni mwalimu Bi Swafiya Said, ambaye alienda mtaa kwa mtaa akiongea na wazazi, akitafuta wasichana wa kufunzwa.

Utaratibu wao ulikuwa mkali kuliko harambee. Mtaa ulipaswa kuomba wenyewe, kuunda kamati, kutoa mahali na kukubaliana kwa maandishi nani atafanya nini. Vifaa vya kuchezea vilitoka kwa mazingira: vifuu vya nazi, makuti, kokwa, simbi za pwani, vizibo vya soda. Asubuhi watoto wanaimba kwa Kiswahili na Kiarabu, wanapanga vifuu kwa ukubwa, wanasoma dua kabla ya kula. Mzazi hakulazimika kuchagua tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mpango ulivuka hadi Zanzibar na Uganda, na mwishowe ukawa na nasari zaidi ya 200 katika nchi hizo tatu. Hata hao, wenye mpango mzuri hivyo, waligonga ukuta ule ule. Karo ya wazazi haikutosha kumlipa mwalimu. Ilibidi waunde mfuko wa akiba ili faida yake isaidie shule kila mwaka. Wengi wanaukumbuka mpango huu kwa ajili ya vifuu. Mimi naukumbuka kwa sababu mtu alikaa chini akakiri kwamba huruma ya majirani haiwezi kulipa mshahara.

Kisha 2003. Kibaki ameingia, elimu ya msingi ni bure, Kenya nzima inapiga makofi. Nasari bado zinalipiwa. Mzazi mwenye akili anapiga hesabu: kwa nini nilipe nasari miaka mitatu na darasa la kwanza ni bure? Wengi walikaa na watoto nyumbani wakingoja wafike umri, wengine waliwaingiza darasa la kwanza moja kwa moja. Nasari zikapungukiwa watoto, na kila mtoto aliyepungua alikuwa kipande cha mshahara wa mtu. Ni 1974 tena, ila safari hii aliyeumia ni mwalimu.

Katiba ya 2010 ilizikabidhi nasari kwa kaunti. Zimejengwa madarasa mengi, mengine mazuri kweli, na walimu maelfu wameajiriwa, ingawa mikataba na malipo yao yalizua mvutano mrefu hadi mahakamani kuhusu nani hasa ni mwajiri wao. Lakini soma Jedwali la Nne vizuri. Kwenye mstari ule ule wa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vijijini, kaunti zimepewa pia vituo vya kulelea watoto. Yaani mtoto wa miezi sita, wa mwaka mmoja, wa miaka miwili, yumo ndani ya katiba. Nairobi ilipitisha sheria yake ya vituo hivyo 2017. Gavana gani umemsikia akiomba kura kwa ajili hiyo? Watu wanazindua barabara.

Tangu 2023 kuna Dishi na County, chakula cha mchana kwa shilingi 5 kwa watoto wa shule za umma Nairobi, wa nasari wakiwemo, na mimi sina ubaya nacho hata kidogo. Nimeona sahani hizo. Ila mtoto ambaye hajafika umri wa nasari hayuko kwenye hiyo foleni. Yuko Mukuru, yuko Kayole, yuko Githurai, ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi chenye bango la kuandikwa kwa mkono, Baby Care, na kanga imetandazwa juu ya kapeti ya plastiki.

Kwa ploti yetu kuna kimoja. Mwenye nacho alianza kwa kubaki na mtoto wa jirani siku mbili, kwa sababu jirani alipata kibarua cha kufua nguo Thome na hangeweza kwenda naye. Sasa ana kumi na mmoja. Wanaletwa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, mama zao wakikimbilia matatu, kila mmoja na mfuko wenye chupa, nguo ya kubadilisha na chakula ndani ya mkebe. Wengine mkebe hauna kitu na yeye hasemi, anaongeza maji kwa uji. Ni shilingi hamsini kwa siku. Ana daftari la mistari, la kurasa 96, ambalo upande wa kushoto kuna majina ya watoto na upande wa kulia kuna deni. Niliomba kuliona. Kuna mama ameandikiwa siku kumi na saba. Nikamuuliza huyo anafanya nini naye. Akasema, mtoto wake hajui mambo ya daftari.

Mwaka jana alipandisha hadi shilingi sabini, kwa sababu ya bei ya unga. Wazazi wanne walihamisha watoto. Baada ya wiki mbili watatu walirudi, na akawapokea kwa hamsini.